Waliosamehewa Hesabu

Mwezi uliopita, chini ya turubai la msiba mjini Ruangwa, nilimsikia mpwa wa marehemu akisoma kwenye kipaza sauti kwamba mjomba wake, mkuu wa shule mstaafu, alikuwa baba wa wasioona, na kwamba kwa huruma yake aliwaondolea mzigo wa somo la Hisabati. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mama mmoja mbele yangu alijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mimi nilihisi mate yananijaa mdomoni, yale mate membamba yanayotangulia kutapika, nikageuka kando nikayameza. Isitoshe, sahani ya korosho ilikuwa inapita mstari kwa mstari, korosho nyeupe zilizokaangwa kwa chumvi kwa ajili ya wageni tuliotoka mbali, na ilikuwa imebakiza viti vinne kunifikia. Sijala korosho tangu nikiwa na umri wa miaka ishirini na minne. Watu hudhani zinanidhuru. Huwa nawaacha wadhani hivyo.

Kushoto kwangu alikaa mwanamke mwenye miwani nyeusi, fimbo yake nyeupe ameikunja mapajani. Nilimtambua kabla hajasema neno, kwa namna alivyovificha vidole vyake ndani ya viganja, kama mtu anayeogopa kuporwa. Jina lake Somoe. Alikuwa mwanafunzi wangu kwa mwaka mmoja, Nachingwea, mwishoni mwa miaka ya tisini. Sikumsemesha mara moja. Nina jambo ambalo nilipaswa kumwambia tangu mwaka ule, na nilitaka nilipange kwanza kichwani. Wakati nalipanga, mpwa wa marehemu aliendelea kusoma, na kila aliposema huruma mimi niliiona stoo.

Nilifika Nachingwea mwezi wa Januari nikiwa na begi moja na ndoo, nimeajiriwa kufundisha Hisabati na Fizikia katika shule ambayo sitaitaja. Nilipewa chumba katika moja ya nyumba za zamani zilizoachwa na Waingereza waliokuja kulima karanga. Popo waliishi juu ya dari, na kila asubuhi nilikuta mavi yao juu ya chandarua, madogo, makavu, kama punje za uwele. Nilikuwa nayafagia kwanza, kisha naandika kwenye daftari langu kubwa tarehe, nilichokula na nilichosikia. Nilikuwa na tabia hiyo tangu chuoni. Daftari lenyewe liko mezani hapa ninapoandika. Mende wamekula pembe zake lakini wino bado unasomeka. Ukurasa wa kwanza unasema: "Chai ya rangi, mihogo ya kuchemsha, korosho. Korosho tamu." Wa pili unasema vivyo hivyo. Nimehesabu: hadi mwisho wa Februari niliandika neno tamu mara tisa.

Korosho hizo zililetwa chumba cha walimu kila siku saa nne asubuhi, kwenye sinia ya bati iliyobanduka rangi. Chumba kilikuwa na meza moja ndefu, kabati lisilofungika, na kalenda ya zamani ya kiwanda cha sabuni ambayo hakuna aliyejisumbua kuibandua. Mwalimu wa taaluma, jina lake Chilumba, ndiye aliyekuwa akisukuma sinia mbele ya mgeni. "Karibu Madam Hesabu," aliniambia siku ya kwanza. "Huku mshahara unachelewa, hizi hazichelewi." Nikamuuliza zinatoka wapi. "Stoo. Zina mafundi wake wa kubangua, vidole vyao vina macho." Wenzake wakacheka. Nilicheka pia, maana nilikuwa mgeni na nilitaka kupendwa, nikachota nyingine. Sikuelewa kilichochekwa. Nimeliandika hilo pia, kwamba nilicheka.

Juma hilohilo nilipewa rejesta ya kidato cha nne. Mbele ya majina matatu kulikuwa na herufi S kwa wino mwekundu, safu nzima kuanzia kidato cha kwanza. Nilimuuliza Chilumba maana yake. "Samehewa," alisema. "Hao ni wa kitengo cha wasioona. Wawili hawaoni kabisa, mmoja ana ualbino, anaona kwa taabu. Wamesamehewa hesabu."

"Walikosa nini hata wakasamehewa?"

"Wewe binti, mtu haoni ubao. Pembetatu utamchorea wapi, mgongoni?"

Kicheko kikazunguka meza. Niliuliza basi kipindi cha hesabu wanakuwa wapi, akasema wanajishughulisha, Mkuu hapendi wakae bure, akili italala. Kisha akaniomba nimsogezee sinia.

Wa kwanza kumjua alikuwa Somoe, na nilimjulia kwenye foleni ya chakula. Siku zangu za zamu nilisimama bwaloni wakati wa kugawa chakula. Ugali ulikuwa wa dona lililolala sana, maharage yalitoboka, na juu ya mchuzi wake walielea wadudu wadogo weusi ambao wanafunzi waliwaengua kwa ncha ya kijiko na kuwapanga ukingoni mwa sahani. Wa kitengo walipakuliwa mwisho, kutoka chini ya sufuria, ambako wadudu walikuwa wengi zaidi. Nilimsikia mpishi akimnong'oneza mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha: "Wape hao, hawaoni." Msichana mrefu mwenye kilemba cha sare, kutoka Narung'ombe, aligeuza uso upande wa sauti. "Hatuwaoni, mama, lakini tunawahesabu kwa ulimi. Jana walikuwa kumi na saba. Leo naomba unipunguzie." Nilisogea nikachungulia ile sahani, nikaona kweli. Yeye alikaa akala taratibu, akawatema mmoja mmoja kiganjani, huku midomo yake ikihesabu. Nikarudi chumbani kwangu nikashindwa kula chapati niliyokuwa nimejinunulia. Nikaandika: "Huyu anapenda namba. S yake ni ya nini?"

Stoo niliigundua mwishoni mwa Februari, kwa pua. Ilipakana na darasa la kidato cha nne, ukuta mmoja tu kati yake, na siku hiyo nikiwa nafundisha mlinganyo wa mstari ulinifikia moshi mkali unaowasha koo. Niliwapa wanafunzi zoezi nikatoka. Mlango wa stoo ulikuwa wazi nusu. Ndani, korosho zilizokaangwa kwenye debe zilirundikwa sakafuni, nyeusi, bado zinatoka mafuta, na wanafunzi kumi na mmoja wa kitengo, wa vidato vyote, walikaa kuzizunguka, kila mmoja na jiwe lake. Walipiga, wakapasua, wakachomoa punje kwa vidole. Pembeni kulikuwa na bakuli la majivu la kujipaka mikono. Yeyote aliyekulia kusini anajua yale mafuta ya ganda la korosho: yanababua ngozi. Nilimshika Somoe mkono nikaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa nyeusi kama zimechovywa lami, na pale weusi ulipobanduka ngozi ilikuwa imeachia, inaning'inia, kama ganda la nyanya iliyotiwa maji ya moto. Chini yake palikuwa pekundu, pamelowa. Ncha hizo ndizo anazosomea. Maandishi ya nukta nundu hayasomwi kwa kitu kingine. Miaka mitatu watoto hawa walikuwa wakibanduliwa macho kila juma, na mimi nilikuwa nimekaa ng'ambo ya uwanja natafuna, naandika tamu, tamu, tamu. Nilikimbilia nyuma ya stoo nikatapika. Kijana mmoja ndani akasema, "Madam ameshiba korosho." Huyo alikuwa Ditrami, asiyeona, wa kutoka Marambo, na mzaha haukuwahi kumwisha.

Nilikwenda kwa Mkuu mchana huohuo. Hakuwa mtu katili, na hilo ndilo lililonichefua zaidi. Alinikaribisha, akanitolea kiti, akaniita mwanangu. Ofisi yake ilinukia mafuta ya karafuu aliyojipaka kwenye jino bovu. Alinisikiliza hadi mwisho, akaguna kwa masikitiko. "Mwanangu, nimewapokea hawa wakati shule nyingine zimewakataa. Majivu nawapa. Kazi nyepesi nimewapa. Hesabu nimewasamehe wasije wakapata sifuri wakadharauliwa. Wewe una huruma gani kunizidi?" Nilimwambia siombi huruma, naomba vipindi vyangu vitano kwa juma. Alicheka kidogo akasema chukua, ukichoka urudishe. Nilitoka nikiwa nimeshinda na bado najisikia mchafu, kama mtu aliyeshikana mkono na kitu chenye ute.

Darasa la watu watatu tulilifanyia katika banda la baiskeli. Somoe na Ditrami mmeshawasikia. Wa tatu alikuwa Bonifasi wa Chiola, mwenye ualbino, aliyesoma kwa kugusisha pua kwenye karatasi na aliyeogopa kila kitu. Majuma mawili ya mwanzo yalikuwa ya aibu. Nilipouliza walijibu "Ndiyo Madam" kwa pamoja, kama watu wanaosubiri kengele. Nilidhani hawajui lolote, hadi Somoe aliponieleza kwamba miaka yote walikuwa wanalisikia somo kupitia ukutani. "Tunajua maneno yote, Madam. Mlalo, wima, kipeo cha pili. Shida yetu mwalimu anasema 'hii hapa ukiitoa kwa ile pale unapata hii.' Sasa hapa ni wapi? Pale ni wapi?" Nilijisikia vibaya, kwa sababu asubuhi ile nilikuwa nimesema hivyohivyo mara ishirini, nikiwa nimenyoosha chaki.

Basi niliamua kuchora vya kushikika. Nilikata mpira wa tairi la ndani la baiskeli, nikaubandika kwenye ubao, nikaweka karatasi juu yake, na kwa fundi cherehani wa sokoni nikaazima kile kigurudumu chenye meno cha kuchorea vitambaa. Ukikipitisha kwa nguvu, karatasi inatoboka nundu upande wa chini. Unaigeuza, na mstari unashikika. Nilijivunia sana. Nilichora grafu za mistari inayopanda na inayoshuka, nikawapa wapapase waniambie mteremko. Wote watatu walikosea. Mstari unaopanda wakasema unashuka, unaoshuka wakasema unapanda. Niliwapa vosa, ile alama ya kukosa, kwa siku tisa mfululizo. Nilifundisha upya, nikapandisha sauti, na siku moja nikasema, Mungu anisamehe, kwamba labda Chilumba alikuwa na haki. Ditrami akasema taratibu, "Madam, hebu funga macho." Nikafumba. "Usichungulie, tutajua." Akaniwekea karatasi yangu mwenyewe mkononi, akanishika kidole cha shahada akakipitisha juu ya nundu kutoka kushoto kwenda kulia. Mstari niliouchora ukipanda ulikuwa unashuka.

"Umeigeuza karatasi," alisema Ditrami. "Kulia kumekuwa kushoto. Sisi kila siku tunaandika kutoka kulia kwenda kushoto ili tukigeuza kisomeke. Wewe unageuza, halafu unatuuliza kwa nini kimegeuka. Siku tisa, Madam! Siku tisa tunakula vosa zako na tuko sahihi."

"Mbona hamkuniambia?"

"Tulidhani mnajua kitu ambacho sisi hatukijui," alisema Bonifasi.

Somoe ndiye aliyeanza kucheka, kicheko cha tumboni, akamwambukiza Ditrami, kisha hata Bonifasi. Mimi nilitaka ardhi inimeze. Lakini tangu siku hiyo darasa likageuka. Nilikuwa nimesoma chuoni kurasa nyingi juu ya kuwapa wanafunzi ari ya kujifunza, na hakuna hata moja iliyosema kwamba watapenda hesabu siku watakapomkamata mwalimu amekosa. Walianza kukokotoa kila swali kabla sijalimaliza, wakiwinda kosa jingine. Walipolikosa walikasirika. Walipolipata, na walilipata, siku nzima nilisikia likisimuliwa bwenini. Somoe alinifundisha kuandika namba kwa nukta nundu kwenye kibao chenye matundu, nami nikachora kila kitu kinyume, hadi nikaanza kuota kinyume. Kwa pembetatu mraba tulitumia kamba ya katani niliyoifunga mafundo thelathini, fundo moja kila mita, ikazunguka uwanja. Mmoja alisimama kwenye fundo la tano, mwingine la kumi na saba, mwingine mwanzo, wakavuta hadi ikakaza. Somoe alitembea kando yake akiihesabu kwa vidole. "Tano, kumi na mbili, kumi na tatu," alisema. "Hii kona imenyooka kama kona ya nyumba." Ngozi mpya ilikuwa imemwota kwenye ncha za vidole, ya pinki, laini. Alisema nukta sasa zinapiga kelele.

Mwezi wa Aprili fomu za mtihani wa taifa zililetwa kujazwa. Mtu asiyekuwa na Hisabati kwenye fomu hangekuwa nayo kwenye cheti maisha yake yote, na Somoe alikuwa ameshaniambia anataka nini: kuwa mwalimu wa hesabu wa wasioona, maana alikuwa hajawahi kusikia kwamba yupo hata mmoja. Nilimfuata Mkuu. Alifikiri sana kisha akasema tutafanya jaribio dogo la maswali sita, Chilumba atatunga, na atakayefaulu jina lake litaingia. Nilihitaji karatasi nzito za kuandikia nukta, na mjini zilikuwa zimekwisha, kwa hiyo nilidandia lori kwenda Ruangwa, kwa masista niliosikia wana akiba. Walinipa furushi zima, na uji wa ulezi. Kisha mvua ikanyesha, njia ikakatika, nikakaa Ruangwa siku nne kwenye chumba cha wageni chenye harufu ya dawa ya mbu, nikiandika kwa nukta maswali aliyonipa Chilumba, nikiwa na raha kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Namba sita ilikuwa ya shamba la mstatili. Nilipoiandika nilitabasamu, nikajua Somoe ataifurahia.

Nilirudi asubuhi ya jaribio, matope hadi magotini. Chilumba alikutana nami getini, akaniambia kwa uchangamfu kwamba kulikuwa na wageni wa Mkuu kutoka Dar es Salaam na kitengo wamefanya kazi nzuri, wamebangua magunia mawili kwa siku tatu. Nilikwenda moja kwa moja bwenini nikaita Somoe, akatoka, akanyoosha mikono mbele kabla sijasema kitu. Ngozi ya pinki haikuwepo. Ncha zote kumi zilikuwa nyama. "Nilimwambia Mwalimu Chilumba tuna mtihani," alisema. "Akasema ndiyo maana tufanye haraka."

Niliomba jaribio lisogezwe. Mkuu alisema fomu zinaondoka na gari la mchana. Tulikaa kwenye maabara ya biolojia, kati ya chupa za nyoka na vyura waliopauka ndani ya dawa. Mkuu alikuja, Chilumba, na walimu wengine wawili waliotaka kuona vituko. Bonifasi aliinamisha pua kwenye karatasi yake ya wino na kuanza. Ditrami alipapasa mstari wa kwanza, akaurudia, akaurudia tena, kisha akaweka mikono mapajani. "Madam, karatasi yangu ni tupu," alisema, na kwa mara ya kwanza hakuna mzaha uliokuwemo. Somoe naye alijaribu kidole kwa kidole, vyote kumi. Kisha akanyanyua karatasi kwa viganja, akaileta usoni, akaanza kuipitisha kwenye mdomo wake wa chini, kushoto kwenda kulia, polepole.

Alikuwa anasoma. Ilinichukua muda kuelewa. Alimaliza swali la kwanza, akashika kibao chake, akachoma jibu. Akarudi na la pili. Mate yalilowesha karatasi, na uchafu wa korosho aliokuwa nao viganjani ulimpaka mdomoni hadi kidevuni. La tatu. La nne. "Anailamba!" alisema mwalimu mmoja. Mwingine aliziba mdomo akatoka. Chilumba alicheka kwa pua. Mkuu alitoa leso, akajifunika, na kwa ile sauti yake ya upole akasema, "Jamani, huu ni uchafu. Mbele ya msimamizi wa mtihani atafanya hivi? Shule itaonekanaje? Binti anajidhalilisha." Somoe alimaliza la tano. Akaanza la sita, mdomo ukitembea juu ya nukta nilizozichoma mwenyewe kwa raha kule Ruangwa. Na mimi nilimtazama, nikaona ule weusi kidevuni, ule ute, zile nyuso za wenzangu, nikasema: "Somoe, acha. Inatosha."

Akaacha. Aliweka karatasi chini, akaisawazisha kwa viganja. Ningependa kuandika kwamba nilimwonea uchungu. Daftari linasema "niliona kinyaa," na sikuandika kwa nani. Mkuu alishukuru. "Haya, mwalimu wake mwenyewe ameona," alisema, na kwa wino mwekundu akapiga mstari kwenye majina mawili. La Bonifasi aliliacha. Usiku... hapana, jioni ile kabla jua halijazama, nilisahihisha majibu ya Somoe. Matano kati ya matano. Nilimpelekea Mkuu, akasema jaribio lilikuwa la maswali sita na gari limeshaondoka. Mwezi wa Novemba, siku ya karatasi ya Hisabati, Bonifasi aliingia ukumbini, na Somoe na Ditrami wakaenda stoo, maana msimu ulikuwa umeanza na mabibo yalikuwa yanaoza kila mahali, harufu yake tamu imetanda hadi madarasani. Desemba niliomba uhamisho. Sikumuaga mtu.

Chini ya turubai, sahani ilinifikia. Niliisukuma kushoto kwangu, nikameza mate. Somoe alichukua korosho moja, akaiviringisha kati ya vidole viwili. "Za mashine hizi," alisema. "Hazina mkono wa mtu." Kisha, bila kugeuza uso: "Shikamoo, Madam."

"Marahaba. Umenijuaje?"

"Umekataa sahani, halafu ukameza mate. Bonifasi aliwahi kuniambia kwamba tangu siku ile ya stoo huli." Aliniuliza hali yangu, nikamuuliza yake. Ni mwalimu wa shule ya msingi, hukohuko Ruangwa, mwenye kitengo. Cheti chake ni cha Kiswahili, kwa hiyo ratiba inasema anafundisha Kiswahili. "Lakini mlango nafunga mimi," alisema. "Kamba nilitengeneza."

Nilikuwa nimeyapanga maneno yangu vizuri, na yote yakanipotea. "Somoe, siku ile kwenye maabara. Aliyekwambia acha..."

"Ulikuwa wewe. Mimi ni kipofu, Madam, siyo kiziwi."

Mpwa wa marehemu alifungua ukurasa mwingine. Nilitafuta neno la kuomba, na neno lililokuwepo ni lile la rejesta, la wino mwekundu, likanikwama. Somoe aliiweka korosho kwenye mkunjo wa kanga yake. Hakuila wala hakuitupa.

"Lile la sita," alisema. "Niliishia 'urefu unazidi upana kwa mita saba.' Baada ya hapo lilikuwa linasemaje?"

Karatasi ile ninayo, imebandikwa kwenye daftari. Naijua kwa moyo. "Ulalo wa shamba ni mita kumi na tatu. Tafuta urefu wake."

Alivitoa vidole vyake ndani ya viganja. Makovu yalikuwepo, yanang'aa kidogo. Kidole gumba kilitembea juu ya vingine, kikasimama, kikarudi, kama kinapita juu ya mafundo.

"Kumi na mbili. Upana tano. Si ile kamba yetu?"

"Ndiyo hiyo."

"Lilikuwa hilo tu?"

"Hilo tu."

Kwenye kipaza sauti walikuwa wanaomba tusimame kwa dakika moja kumkumbuka marehemu, na viti vilianza kukwaruza chini. Somoe hakusimama.

"Na mimi miaka yote," alisema, "nilidhani lilikuwa gumu."